Betri iliyokufa kwenye tochi ikafufuka kwenye saa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nakaa Tabata, na nyumba yetu ina ugomvi wa betri. Betri za tochi zikiisha, mama mkwe hakubali zitupwe. Anaziweka kwenye saa ya ukutani na saa inatembea miezi. Nyingine anazianika juani juu ya bati, jioni tochi inawaka tena. Fundi wetu wa mtaani anasema betri zote ni zilezile, ninunue za bei rahisi. Mume wangu yeye hanunui ila za bei kubwa, tena anazitunza kwenye friji. Nani mkweli hapo? Na hiyo betri yenyewe inafanyaje kazi? Mwanangu wa darasa la sita naye anauliza kama ni kweli ndimu inaweza kuwasha taa.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nitoe hukumu kwanza, maelezo yafuate. Mama mkwe kawashinda wote, ingawa kwenye lile la juani nina neno naye. Fundi kakosea. Mumeo yuko katikati: kuna vifaa ambavyo pesa yake inamlipa na kuna vingine anaipoteza bure, na friji awaachie samaki.

Ugomvi wenu unatokana na kudhani kwamba ndani ya betri mmewekwa umeme, nao ukitumika basi umekwisha. Hamna umeme uliohifadhiwa mle. Mna kemikali mbili ambazo zikikutanishwa hubadilika, na katika kubadilika kwake ndipo umeme huzaliwa, palepale na kwa wakati uleule ambao kifaa kinauhitaji. Ukibonyeza swichi ya tochi ndiyo kwanza kazi inaanza. Ukizima, inasimama.

Tuchukue betri ya kawaida ya bei rahisi, yale wazee wetu wanayaita mawe ya redio. Ukivua ganda la nje utakuta kopo la madini ya kijivu. Hiyo ni zinki, na kitako cha kopo hilo ndio upande wa hasi. Ndani ya kopo, likiwa limetandikwa kulizunguka lote, kuna karatasi lililolowa uteute wa chumvi za zinki kloraidi au amoniamu kloraidi. Kisha unafuata ule unga mweusi unaochafua mikono: manganizi dioksaidi iliyochanganywa na masizi ya kaboni. Wengi wetu tulisomea ubao uliosiliwa kwa unga huo. Katikati kimechomekwa kijiti cheusi cha kaboni, chenye kofia ya bati kichwani. Huo ndio upande wa chanya. Watu hudhani kijiti ndio moyo wa betri. Sivyo. Kazi yake ni kupitisha umeme tu, na betri ikiisha utakikuta kizima kama kilivyokuwa. Vinavyotumika ni kopo na unga.

Zinki ina tabia ya kuachia elektroni, vile vichembe ambavyo mwendo wake ndio umeme, kirahisi, na manganizi dioksaidi ina hamu ya kuzipokea. Shida ni kwamba ule uteute ulio kati yao hauruhusu elektroni kupita. Unaruhusu ioni peke yake, yaani chembe za kemikali zenye chaji. Fikiria pale Magogoni siku ambayo pantoni imeamriwa ibebe waenda kwa miguu tu. Watu wanavuka maji kwenda Kigamboni kama kawaida, lakini magari yote hayana budi kuzunguka Kurasini kupitia darajani. Ioni ndio hao watu, elektroni ndio magari, na daraja ni waya wa tochi yako. Balbu imekaa juu ya daraja, na kila gari linalopita linailipa. Ukizima swichi umefunga daraja, na pantoni nayo inasimama, kwa sababu pande mbili hizi haziwezi kwenda kila mmoja kivyake. Ukishika mfano huo, mengine yote utakayosoma hapa yatakuwa mepesi.

Nguvu ya msukumo, ile tunayoiita volti, inatokana na aina ya kemikali wala si ukubwa wa betri. Zinki na manganizi dioksaidi hutoa volti 1.5. Kwa hiyo betri kubwa ya redio, ya saizi ya kati, ya saa na ile nyembamba ya rimoti zote ni volti 1.5. Kubwa ina zinki nyingi na unga mwingi, basi inadumu zaidi na inaweza kutoa umeme mwingi kwa mara moja. Redio yenye betri 6 imezipanga mkia kwa kichwa, volti zikajumlishwa kuwa 9. Na ile ya mraba yenye vifungo viwili kichwani, ya volti 9, ukiifungua utakuta vibetri 6 vidogo vimebanwa humo.

Ubunifu huu ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mfaransa Georges Leclanché aliunganisha zinki na manganizi dioksaidi mwaka 1866, ila betri yake ilikuwa chupa ya maji yasiyotakiwa kumwagika. Miaka 20 baadaye Mjerumani Carl Gassner aligeuza maji kuwa uji mzito na chupa kuwa kopo la zinki, ndipo betri ikaweza kubebwa mfukoni na kulazwa upande wowote. Unachonunua leo dukani kwa Mangi ni mjukuu wa betri hiyo, na hajabadilika sana sura.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Betri inapofanya kazi, zinki inalika, unga mweusi unabadilika kidogo kidogo, na uteute unajaa mabaki ya kemikali. Pantoni inazidi kuwa nzito. Kitaalamu tunasema ukinzani wa ndani umeongezeka. Kumbuka kwamba betri haijaishiwa; bado mle mna zinki na manganizi. Kilichopungua ni uwezo wa kutoa umeme mwingi kwa haraka.

Niweke hesabu ndogo. Chukua betri iliyochoka, ambayo ikipumzika inasoma volti 1.35 na ukinzani wake wa ndani umefika omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani). Tochi yenye balbu inavuta kama miliampia 300, yaani ampia 0.3; ampia ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita. Zidisha 2 kwa 0.3 upate 0.6: volti 0.6 zinapotelea ndani ya betri yenyewe, na nje inatoka 0.75. Betri mbili hivyo zinaipa balbu volti 1.5 mahali ilipotaka karibu 2.5. Balbu inakuwa nyekundu kama kaa la jiko, nanyi mnasema betri zimekufa. Saa ya ukutani je? Inavuta kidogo sana, na hata ule mpigo wa kusukuma mshale ni wa miliampia chache. Tuseme 5. Kinachopotea ndani ni volti 0.01. Saa inaona 1.34, na kwa kawaida saa hizo hutembea mpaka volti ishuke karibu na 1.1. Kwa saa, betri hiyo bado ina maisha.

Kwa hiyo kufa kwa betri kunategemea nani anaiuliza. Tochi ikisema imekufa, rimoti inaweza kusema mzima, na saa ikasema mzima kabisa. Mama mkwe hajasoma kemia lakini ameijua kanuni hiyo kwa macho. Hapohapo ndipo fundi wako anapopotoka: anagusisha mita kwenye betri ambayo haifanyi kazi yoyote, anasoma 1.35, anasema nzima. Mita haivuti umeme wa maana, basi inamwonyesha uso wa betri iliyopumzika. Mwambie aipime wakati balbu inawaka, aone namba inavyoanguka.

Na lile la juani? Ni kweli, betri inafufuka, wala si mazingaombwe. Joto linafanya ioni zitembee upesi na ukinzani wa ndani upungue. Halafu ule muda wa kukaa bila kufanya kazi unayapa nafasi mabaki yaliyojazana kuzunguka unga mweusi yasambae. Sehemu kubwa ya ufufuo huo ni mapumziko tu; betri hiyohiyo ukiilaza kabatini usiku kucha, asubuhi nayo itaonyesha uhai kiasi. Ila jua haliongezi zinki hata chembe. Mnachopata ni mwanga wa muda mfupi, na kwa kulipia mnahatarisha kopo ambalo limeshalika likawa jembamba. Bati la Dar saa saba mchana linaunguza mkono, na kopo la namna hiyo likipashwa hivyo hutoboka, uteute ukatoka. Ndilo neno nililosema ninalo na mama mkwe: saa ya ukutani endelea, juani acha. Za alkalaini, zile za bei kubwa nitakazozieleza chini, ndizo zisianikwe kabisa, kwa sababu zilichonacho ndani kinachubua ngozi na macho. Wapo pia wanaozitoboa kwa msumari na kuzitia maji ya chumvi, au kuzing'ata. Zinapata uhai wa kitambo kwa sababu uteute uliokauka umelowa tena, ila meno ni yako na redio ni yako.

Nimpe angalizo moja hata kwenye saa. Betri ya kaboni iliyotumika nusu, ikikaa miezi mingi mahali pamoja, mwisho wake ni kuvuja. Aitazame kila mwezi. Akiona unyevu au ukungu kwenye kitako, aitoe siku hiyohiyo.

Fundi anasema betri zote ni zilezile. Zinafanana umbo, basi. Tazama maandishi madogo ubavuni. Ukiona R6 kwenye saizi ya AA, ile ya saa, au R03 kwenye AAA, ile nyembamba, au R20 kwenye ile kubwa, hiyo ni ya kaboni kama niliyoieleza. Ikitanguliwa na L, yaani LR6, LR03 au LR20, hiyo ni alkalaini. Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi: maneno Heavy Duty yaliyoandikwa kwa herufi nene. Mtu anadhani amenunua ya kazi nzito. Kumbe ni betri ya kaboni ileile, toleo la zinki kloraidi. Ilikuwa nzito ilipolinganishwa na zile zilizoitangulia. Leo ndiyo ya chini kuliko zote rafuni.

Alkalaini ilikuja miaka ya 1950, kwa kazi ya mhandisi wa Kanada, Lewis Urry, aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya Eveready huko Marekani. Kemikali kubwa ni zilezile, zinki na manganizi dioksaidi, ndiyo maana volti haikubadilika. Alichogeuza ni mpangilio. Zinki imesagwa kuwa unga na kuwekwa katikati ikiwa imechanganywa na uteute wa potasiamu haidroksaidi; manganizi imebanwa nje, ikizungukwa na kopo la chuma ambalo haliliki. Unga wa zinki una eneo kubwa mno la kukutana na uteute kuliko ukuta wa kopo. Ukirudi Magogoni, ni kama wameleta pantoni nyingi zifanye kazi kwa pamoja. Betri ya AA ya kaboni ina uwezo wa miliampia-saa (miliampia inazotoa, mara saa inazodumu) kama 600 hadi 1000 ikitumiwa polepole. Ya alkalaini ina 2000 na zaidi. Tofauti hiyo inazidi kupanuka kifaa kinapovuta kwa nguvu, kwa sababu ya kaboni huzidiwa ikaanguka kabla hata haijatumia nusu ya kilichomo.

Kwa hiyo, dada yangu, usinunue betri kabla hujajiuliza kifaa kinavuta kiasi gani. Saa ya ukutani, rimoti ya televisheni, kiwashio cha cheche kwenye jiko la gesi: hivi vinaonja tu. Betri ya kaboni inavitosha, na hapo mumeo anapoteza pesa. Redio ndogo ikisikilizwa kwa sauti ya wastani nayo haina makuu. Lakini gari la kuchezea la mtoto, lenye mota, linaweza kuvuta zaidi ya nusu ampia likianza kuondoka. Kipima presha cha mama mkwe kina pampu ndani yake. Ukikipa betri dhaifu kinajaza upepo kwa taabu, kinakatikia njiani au kinatoa alama ya kosa, na mzee wa watu anapata wasiwasi usio na sababu. Maikrofoni zisizo na waya za kwaya, kamera, tochi kali ya kutafutia mwizi uani: kwa vyote hivyo mumeo anafanya la maana. Ukipiga hesabu kwa saa za matumizi wala si kwa bei ya pakiti, alkalaini inakuwa nafuu huko.

Mradi iwe alkalaini ya kweli. Kariakoo kuna betri zenye ganda la dhahabu na maneno yote yanayotakiwa, na ndani ni kaboni tupu. Mimi huziamini mizani. AA ya alkalaini halisi ina uzito wa gramu kama 23. Ya kaboni ni gramu 15 hadi 18. Muuza duka mwenye mizani ya dijitali hatakukatalia, na ukishazoea hata kiganja kinajua.

Kuna pia jaribio la kudondosha ambalo vijana wanalipenda: alkalaini mpya ikiangushwa kwa kitako kutoka juu kidogo ya meza inatua kwa kishindo kizito, iliyotumika inadunda. Ni kweli, kwa sababu zinki inapogeuka kuwa zinki oksaidi chembe zake hushikamana, na ule uteute wa ndani unapoteza ulaini wake. Ila kudunda kunafika kileleni betri ikiwa bado ina karibu nusu. Kwa hiyo inayodunda si lazima imekwisha. Msiitupe kwa sababu hiyo.

Friji sasa. Wazo lenyewe halikutoka hewani: baridi hupunguza kasi ya kemikali, hivyo betri iliyokaa bila kazi inapoteza kidogo zaidi. Lakini alkalaini ikikaa kwenye chumba cha kawaida inapoteza asilimia 2 au 3 tu kwa mwaka. Hata tukikubali kwamba Dar ina joto na hasara ni kubwa kuliko hapo, bado ni ndogo. Madhara ya friji ni ya uhakika zaidi. Unaitoa betri ya baridi katika hewa yetu hii ya pwani yenye unyevu, sekunde chache imetota jasho, maji yanaingia kwenye maungio, kutu inaanza. Droo kavu ya kabati inatosha. Pasipofaa kabisa ni ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Hewa hiyohiyo ya bahari ndiyo inayoua rimoti nyingi zinazodhaniwa betri zimekwisha. Toa betri, sugua vile vispringi na vibati kwa raba ya kufutia penseli au kitambaa kikavu kigumu, rudisha. Mara nyingi unaishia hapo bila kununua kitu.

Msichanganye betri mpya na za zamani kwenye kifaa kimoja, wala za kaboni na za alkalaini. Hili watu hulichukulia kama ushauri wa hiari, nami nalikazia kwa sababu visa vya uvujaji ninavyoletewa mezani karibu vyote vinaanzia hapa. Betri zilizopangwa mkia kwa kichwa zinapitisha umeme uleule. Iliyo dhaifu ikishamaliza chake, wenzake wenye nguvu hawaiachi ipumzike. Wanaendelea kusukuma umeme kupitia kwake mpaka volti yake inapinduka, chanya inakuwa hasi. Hapo gesi inatengenezwa ndani, kizibo kinaachia, na uteute unamwagikia sakiti. Mkibadilisha, badilisheni zote. Zile zilizotolewa mkabidhini mama mkwe, anajua pa kuzipeleka.

Ikishavuja, tofautisha. Alkalaini huacha unga mweupe mkavu kama chumvi. Futa kwa pamba iliyochovywa kwenye siki au maji ya ndimu kidogo, kisha kwa kitambaa chenye unyevu, halafu acha pakauke kabisa. Vaa glovu na usijiguse macho. Ya kaboni huacha ute wa kahawia unaonata, na huo unatoka kwa kitambaa chenye maji tu.

Kama mna mtoto mwenye magari ya kuchezea, nunueni betri za kuchaji za nikeli, zile zilizoandikwa NiMH, pamoja na chaja yake. Zinaandikwa volti 1.2 na watu huziogopa kwa hilo. Msiogope: alkalaini huanza na 1.5 lakini inateremka njia nzima, na ikifika katikati ya maisha yake iko karibu na 1.2 vilevile, wakati ya nikeli inasimama kwenye 1.2 karibu mpaka mwisho. Tena ukinzani wake wa ndani ni mdogo kuliko wa alkalaini, hivyo mota inaipenda. Ukitaka kujua faida yake, hesabu hivi. AA moja ya alkalaini ina nishati ya watti-saa kama 3. Uniti moja ya LUKU ni watti-saa 1000. Katika uniti moja mna betri zaidi ya 300. Hata chaja ikipoteza nusu ya umeme njiani, kuijaza betri moja ni gharama isiyoonekana. Zisizo za kuchaji, za kaboni na alkalaini, msizithubutu kwenye chaja: hupasuka.

Hujaniuliza kuhusu tochi za kuchaji za plastiki, zile za kuchomeka ukutani, lakini najua mnayo, maana kila nyumba inayo ya kuvizia umeme ukatike. Nyingi ndani zina betri ndogo ya risasi na asidi, ya volti 4, ndugu wa ile ya gari. Aina hii aliibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na ina tabia yake: haitaki kukaa tupu. Ukiiacha bila chaji miezi miwili mitatu, ndani hujengeka fuwele ngumu za risasi salfeti, na siku umeme unapokatika unakuta haishiki chaji tena. Watu wanailaumu tochi kuwa ni ya bandia. Ichajini kila mwezi hata kama haijatumika, na msiiache ukutani usiku kucha, kwa sababu za bei rahisi hazina cha kujizima zikijaa.

Moja ambalo halina mzaha ni betri za kifungo, zile bapa kama sarafu. Ziko kwenye rimoti ya gari, mizani ya jikoni, kipima sukari, vitu vya kuchezea vyenye taa. Ile maarufu, CR2032, jina lake ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ni ya lithiamu, volti 3. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake unayageuza maji ya mwili kuwa kemikali inayounguza, hasa upande wa hasi, na inaweza kumdhuru vibaya ndani ya saa 2. Hata iliyokufa kwenye rimoti inaweza kuunguza, kwa sababu ileile ya saa na tochi. Usimtapishe, usisubiri itoke yenyewe. Mpeleke hospitali yenye eksirei papo hapo na useme wazi kuwa ni betri, kwani kwenye picha inaweza kudhaniwa sarafu. Akiwa amezidi mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, inapunguza makali. Usichelewe kutoka kwa ajili ya kutafuta asali.

Za kutupa msizitie motoni, ziwe za aina yoyote, maana hulipuka. Betri za risasi zina wanunuzi wa chuma chakavu, msizivunje wenyewe.

Nimalizie na mwanao. Ndiyo, ndimu inawasha taa, ila taa ndogo sana. Achukue ndimu 4, misumari 4 ya kuezekea iliyopakwa zinki, na vipande 4 vya waya wa shaba uliochunwa. Kila ndimu ichomekwe msumari mmoja na shaba moja, visigusane ndani. Kisha aunganishe shaba ya ndimu ya kwanza na msumari wa ya pili, shaba ya pili na msumari wa tatu, hivyohivyo mpaka mwisho. Kila ndimu inatoa karibu volti 0.9. Ncha mbili zilizobaki aziguse kwenye kijitaa chekundu cha LED alichokitoa kwenye kifaa kibovu: mguu mrefu kwenye shaba, mfupi kwenye msumari. Afanyie gizani, kwa sababu umeme huo haufiki hata miliampia moja na mwanga wake ni hafifu. Isipowaka ageuze miguu, au aongeze ndimu.

Atakuwa amefanya kile alichofanya Mtaliano Alessandro Volta, ambaye mwaka 1800 alipanga vipande vya zinki na vya fedha kwa kupishana, katikati akaweka vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, akapata betri ya kwanza duniani. Mwulize mwanao umeme umetoka wapi. Akijibu kwenye ndimu, mwambie aitazame misumari baada ya siku mbili. Na ndimu hizo msije mkazikamulia kwenye supu. Zinki imeshayeyukia humo.